Elementi, kampaundi au mchanganyiko: ulinganisho wa makundi ya maada na vipimo vya kuyatofautisha

Mtu anayetaka kuipanga maada katika makundi hukutana na njia mbili, na uamuzi wake wa kwanza ni kuchagua atumie ipi. Njia ya kwanza hutazama hali ya dutu, yaani kama ni yabisi, kimiminika au gesi. Njia ya pili hutazama kilichomo ndani yake, yaani kama dutu hiyo ni elementi moja, ni kampaundi, au ni mchanganyiko wa dutu kadhaa zilizokaa pamoja. Njia ya hali ina kazi yake, kwa sababu anayehifadhi au kusafirisha kitu hana budi kujua kama kitamwagika, kitavuja au kitatulia kilipowekwa. Hata hivyo haimwelezi chochote kuhusu kemia ya kitu hicho. Maji hubaki maji yakiwa barafu, yakiwa mtungini na yakiwa mvuke, ilhali oksijeni na kabonidayoksaidi, ambazo zote ni gesi katika joto la kawaida, hutofautiana kiasi kwamba moja huchochea moto na nyingine huuzima. Anayeuliza swali la kikemia achague njia ya pili, na ndiyo inayolinganishwa hapa.

Majina ya makundi hayo matatu hukaririwa haraka. Kuyatumia ndiko kugumu. Mwanafunzi anaweza kutoa fasili zote bila kukosea, kisha akawekewa mezani kipande cha shaba ya kitasa, bonge la magadi na glasi ya maziwa, asijue aanzie wapi. Naamini chanzo cha tatizo ni mpangilio wa mafundisho. Darasani tunaanza na elementi, tunafuata na kampaundi, kisha tunamalizia na mchanganyiko, kwa kuwa ndivyo atomi zinavyojenga vitu kutoka kidogo kwenda kikubwa. Anayeamua sampuli iko kundi gani anapaswa kwenda kinyume chake. Swali la kwanza ni kama sampuli ni mchanganyiko au ni dutu safi, na swali la elementi au kampaundi huulizwa baadaye, juu ya kile kilichothibitishwa kuwa safi. Atakayegeuza mpangilio huu atapata majibu yanayoonekana sahihi na kumbe hayahusiani na kitu alichodhani anakipima.

Elementi na kampaundi

Elementi ni dutu isiyogawanyika kwa mmenyuko wowote wa kikemikali kuwa dutu nyingine sahili zaidi. Dhahabu, chuma, salfa, oksijeni na zebaki ni elementi. Zinazotambuliwa leo ni 118, na nne za mwisho zilipewa majina rasmi mwaka 2016. Kampaundi ni dutu moja iliyoundwa na elementi mbili au zaidi zilizoungana kikemikali kwa uwiano maalumu, na sifa zake hazifanani na za elementi zilizoiunda. Sodiamu ni metali laini inayolipuka ikitumbukizwa majini na klorini ni gesi yenye sumu, lakini zikiungana huwa chumvi tunayotia kwenye mboga.

Mpaka kati ya makundi haya mawili unaonekana wazi, lakini uliwasumbua wanasayansi kwa muda mrefu, na mfano ninaoupenda ni wa chokaa. Katika pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, majumba na misikiti ya kale ilijengwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe. Sehemu kubwa ya tumbawe ni kabonati ya kalsiamu. Kilo 100 za kabonati safi zikichomwa mpaka mmenyuko ukamilike, hubaki kilo 56 za chokaa hai, na kilo 44 huondoka kama kabonidayoksaidi. Kabonati, basi, ni kampaundi bila ubishi, kwa sababu moto wenyewe unaivunja. Je, chokaa hai iliyobaki ni nini? Unaweza kuiongezea moto utakavyo, haitoi kingine. Antoine Lavoisier, alipochapisha orodha yake ya elementi huko Ufaransa mwaka 1789, aliiweka chokaa humo, ingawa mwenyewe alishuku kwamba ndani yake mna metali iliyoungana na oksijeni. Alikuwa na haki ya kushuku. Mwaka 1808 Humphry Davy aliitumia nguvu ya umeme, iliyokuwa chombo kipya wakati huo, akaipata metali ya kalsiamu kutoka kwenye chokaa, na chokaa ikaondolewa katika orodha ya elementi.

Kisa hiki kinaonyesha udhaifu wa fasili ya zamani. Kusema kwamba dutu ni elementi kwa kuwa imeshindikana kuvunjwa ni kusema habari za chombo kilichotumika kama vile habari za dutu yenyewe. Ndiyo sababu leo hatutegemei kushindwa huko. Tangu Henry Moseley alipozipima elementi kwa eksirei mwaka 1913, tunazitambua kwa idadi ya protoni katika kiini cha atomi: mwenye protoni 20 ni kalsiamu, mwenye 79 ni dhahabu, wala hakuna nafasi ya nusu kati ya namba moja na inayofuata.

Upo pia mtego wa upande wa pili, ambapo vitu viwili tofauti kabisa kwa macho ni elementi ileile. Almasi inayochimbwa Mwadui, mkoani Shinyanga, haifanani kwa lolote na grafiti iliyo ndani ya penseli. Mwaka 1797 Smithson Tennant alichoma almasi akapima gesi iliyotoka, akathibitisha kwamba uzito fulani wa almasi hutoa kabonidayoksaidi kiasi kilekile kinachotolewa na uzito sawa wa kaboni ya kawaida. Zote mbili ni kaboni, na kinachozitenga ni namna atomi zilivyopangwa. Kwa hiyo rangi, ugumu na mng'ao si hoja za kumpeleka mtu kwenye kundi fulani, hata vikiwa vinavutia kiasi gani.

Kampaundi na mchanganyiko

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, nami nitakaa hapa zaidi. Jaribio la chuma na salfa ni la siku nyingi mashuleni, na bado sijaona jingine linaloonyesha tofauti kwa uwazi kama hilo, mradi lifanywe kwa utulivu na kwa mizani.

Pima gramu 7 za unga wa chuma na gramu 4 za unga wa salfa, uvichanganye juu ya karatasi. Utapata unga wa kijivu unaoelekea umanjano, na ukiutazama kwa lenzi utaona punje za chuma na punje za salfa, kila moja na rangi yake. Viringisha sumaku kwa karatasi nyembamba uipitishe juu yake: chuma kitaruka na kunasa, na salfa itabaki chini. Umekwisha kuvitenganisha, na hakuna kilichobadilika. Sasa vichanganye tena, utie kiasi kidogo ndani ya neli ya kioo, na upashe moto sehemu ya chini tu. Baada ya muda mfupi pataanza kung'aa kwa rangi ya kaa la moto. Hapo ondoa moto, na utazame kwa makini, kwa sababu mng'ao hautazimika. Utapanda wenyewe kutoka chini kwenda juu mpaka unga wote uwake, ingawa hakuna moto unaopewa kutoka nje. Joto hilo linatoka ndani, katika muungano wa chuma na salfa. Neli ikipoa utakuta bonge gumu la kijivu cheusi, ambalo lenzi haioni tena punje mbili ndani yake. Hiyo ni salfaidi ya chuma, na ni kampaundi.

Mwalimu ajue kwamba sumaku inaweza bado kulivuta bonge hilo kidogo, kwa kuwa mara nyingi hubaki chuma ambacho hakikupata salfa ya kuungana nayo. Wanafunzi wasifichwe jambo hilo. Kipimo cha pili hulisahihisha: ukidondoshea asidi haidrokloriki juu ya mchanganyiko ambao haujachomwa, chuma hutoa gesi ya haidrojeni, lakini ukiidondoshea juu ya kampaundi, hutoka gesi yenye harufu ya mayai viza. Gesi hiyo ni sumu, kwa hiyo matone mawili yanatosha, na madirisha yawe wazi.

Lakini hatua ninayoiona kuwa na thamani kuliko zote ni ile inayorukwa na wengi, yaani kulirudia jaribio kwa uwiano mwingine. Weka gramu 10 za chuma kwa gramu 4 zilezile za salfa. Kama mchanganyiko, hakuna tatizo lolote, kwa sababu mchanganyiko hupokea uwiano wowote unaoupenda. Ukichoma, hata mmenyuko ukikamilika, salfa itachukua gramu 7 za chuma na kuziacha gramu 3 bila mwenzi. Kampaundi imekataa ziada. Atomi ya chuma ina uzito wa takriban 56 na ya salfa 32, na zikiungana moja kwa moja uwiano ni 7 kwa 4 popote utakapolifanyia jaribio, awe anayepima ni mtaalamu au mwanafunzi.

Tofauti nyingine zote huandamana na hiyo. Katika mchanganyiko kila kilichomo huhifadhi sifa zake. Katika kampaundi sifa za mwanzo hupotea. Mchanganyiko hutenganishwa kwa kuchuja, kuvukiza, kukeneka (yaani kugeuza kimiminika kuwa mvuke na kuupoza tena) au kwa sumaku, ilhali kampaundi huhitaji mmenyuko. Nishati ndiyo dalili dhaifu zaidi, kwa sababu hata kumumunyisha chumvi fulani majini hubadilisha joto la maji, na wapo wanaodhani kila kinachopasha glasi moto ni kampaundi mpya.

Mabishano yaliyouweka mpaka huu

Kanuni ya uwiano maalumu haikukubaliwa kirahisi. Joseph Louis Proust, Mfaransa aliyefanya kazi Hispania, aliitangaza mwishoni mwa karne ya 18 baada ya kulinganisha kabonati ya shaba ya asili na ile aliyoitengeneza mwenyewe maabara, akakuta zina uwiano uleule. Jiwe la kijani la malakiti linalochongwa kuwa vinyago na vidani huko Katanga ni kabonati ya shaba ya aina hiyo, na shaba iliyomo katika malakiti safi ni takriban asilimia 57.5 ya uzito, liwe limetoka Kolwezi au limetengenezwa kwenye chupa.

Aliyempinga ni Claude Louis Berthollet, na hakuwa mtu wa kudharauliwa. Alikuwa Misri pamoja na msafara wa Napoleon mwaka 1798, na huko aliyaona maziwa ya magadi ambamo kabonati ya sodiamu hujitokeza yenyewe kutokana na chumvi na mawe ya chokaa, kinyume cha mmenyuko uliozoeleka maabara. Alihitimisha kwamba wingi wa dutu huathiri mwelekeo wa mmenyuko, na katika hilo alikuwa sahihi. Kisha akaenda mbele zaidi akasema kwamba uwiano wa kampaundi nao unaweza kubadilika kadiri ya wingi, akataja aloi (metali zilizoyeyushwa pamoja), vioo na mimumunyo kuwa ushahidi. Jibu la Proust ndilo tunalofundisha mpaka leo: vitu hivyo uwiano wake hubadilika kwa sababu ni michanganyiko, si kampaundi. Wengine wanaweza kuona kwamba Proust alishinda kwa kubadilisha fasili. Mimi naona alifanya jambo la manufaa makubwa, kwa sababu alitupa kigezo kimoja kinachopimika kwa mizani, na John Dalton alipoleta nadharia yake ya atomi mwaka 1808, kigezo hicho kilipata maelezo: atomi huungana kwa idadi kamili, na ndiyo maana uwiano haulegei.

Vipimo vikiwekwa pamoja

Ukiwa na sampuli mkononi, una vipimo vya aina nne vya kuchagua, na kila kimoja kina swali moja tu kinachoweza kulijibu vizuri.

Kutenganisha kwa njia za kimaumbile ni cha kwanza, na ningeshauri kianze daima. Kikifaulu, kesi imekwisha: maji ya bahari yakivukizwa yakaacha chumvi, kama inavyofanyika katika mashamba ya chumvi ya Bagamoyo, hakuna anayeweza kudai kwamba yalikuwa dutu moja. Udhaifu wake ni kwamba kushindwa kwake hakuthibitishi kitu. Shaba ya kitasa haichujiki wala haivutwi na sumaku, na bado ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki.

Kiwango cha kuyeyuka na cha kuchemka ndicho kipimo cha pili, na kwa dutu zinazoonekana sare ndicho ninachokiamini zaidi. Dutu safi huyeyuka katika joto moja: barafu kwa nyuzi 0 za selsiasi, chumvi ya meza kwa 801, shaba nyekundu kwa 1,085. Mchanganyiko kwa kawaida huyeyuka kidogo kidogo katika mwachano wa nyuzi kadhaa; aloi yenye asilimia 70 ya shaba nyekundu na 30 ya zinki huanza kulainika karibu na nyuzi 915 na haimaliziki mpaka karibu 955. Maji ya chumvi nayo huchemka juu ya 100, na kiwango hicho huendelea kupanda kadiri maji yanavyopungua. Anayepima akumbuke mahali alipo, kwa kuwa maji safi huchemka kwa nyuzi 100 Dar es Salaam lakini kwa takriban 94 Nairobi, na asije akayahukumu maji ya Nairobi kuwa machafu kwa kosa la mwinuko.

Kipimo hiki kina walaghai wawili wanaojulikana. Wa kwanza ni waya wa kulehemu wa mafundi redio: aloi ya asilimia 63 ya bati na 37 ya risasi huyeyuka ghafla kwa nyuzi 183, sawasawa na dutu safi. Wa pili ni pombe iliyokenekwa. Gongo au chang'aa ikirudiwa kukenekwa huongezeka makali, lakini ikifika asilimia 95.6 ya ethanoli kwa uzito, mvuke na kimiminika huwa na uwiano uleule, nayo huchemka kwa nyuzi 78.2 bila kubadilika. Mtu angeweza kuapa kwamba amepata kampaundi. Dawa ya ulaghai huu ni kubadilisha kanieneo, yaani msukumo wa hewa juu ya kimiminika: ukikeneka katika kanieneo pungufu, uwiano huo husogea, jambo ambalo kampaundi halisi haliwezi. Kwa waya wa kulehemu, badilisha uwiano wa metali, na kiwango cha kuyeyuka kitatawanyika tena. Kwa ufupi, joto thabiti likikufanya ushuku kuwa umepata dutu safi, geuza sharti moja urudie kupima.

Densiti ni kipimo cha tatu. Ni cha haraka na hakiharibu kitu, na ndiyo maana wauzaji wa dhahabu hukitegemea. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina uzito wa gramu 19.3, ya shaba nyekundu gramu 8.96 na ya fedha gramu 10.5, kwa hiyo dhahabu iliyochanganywa hushuka densiti mara moja. Karati zenyewe ni lugha ya mchanganyiko: 24 ni dhahabu tupu, 22 ni asilimia 91.7 na 18 ni asilimia 75. Lakini kipimo hiki nacho kina mwanya mmoja wa hatari, kwa kuwa metali ya tangsteni ina densiti ya karibu 19.3, na kipande cha tangsteni kilichofunikwa dhahabu hupita kwenye mizani na kwenye maji bila kushikwa. Anayenunua kipande kikubwa asiridhike na densiti peke yake. Kiwango cha kuyeyuka hapo ni shahidi bora, kwa sababu dhahabu huyeyuka kwa nyuzi 1,064 na tangsteni huhitaji zaidi ya 3,400.

Cha nne ni kuvunja kwa mmenyuko au kwa umeme. Hiki ndicho kinachoamua kati ya elementi na kampaundi, na ndicho kinachopotosha zaidi kikitumiwa mapema. Ukipitisha umeme katika maji safi yaliyotiwa asidi ya salfuriki kidogo ili yapitishe mkondo, utapata haidrojeni mara mbili ya ujazo wa oksijeni, na kwa uzito gramu 1 kwa gramu 8. Ni uthibitisho mzuri kwamba maji ni kampaundi. Fanya hivyohivyo kwa maji ya bahari ambayo hukuyakeneka, na kwenye elektrodi moja utaanza kunusa klorini. Anayedhani anavunja maji ataandika kwamba maji yana klorini. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba usafi uthibitishwe kwanza.

Sare kwa macho, sare kwa kweli

Ndani ya kundi la mchanganyiko kuna mgawanyo mwingine, na si wa kusumbua sana. Mchanganyiko usio sare huonyesha sehemu zake, kama mchele wenye mawe au maji ya mto wakati wa masika. Mchanganyiko sare hauonyeshi: maji ya chumvi, hewa, aloi nyingi. Kinachostahili maelezo ni maziwa, kwa kuwa huwekwa kimakosa upande wa sare. Maziwa ni vitone vidogo vya mafuta na chembe za protini vilivyoenea ndani ya maji. Chukua glasi mbili, moja ya maji ya chumvi na nyingine ya maji yaliyodondoshewa matone machache ya maziwa, uzime taa, upitishe mwale wa tochi kutoka ubavuni. Katika glasi ya chumvi mwale hauonekani. Katika ile ya maziwa utauona umenyooka kama kamba, kwa kuwa vitone vinatawanya mwanga. Michanganyiko ya aina hii huitwa koloidi, na ukungu wa alfajiri ni mmojawapo.

Kundi linapoamua jambo la maana

Mtu anaweza kuuliza faida ya kujua haya yote nje ya mtihani. Faida ni kwamba ukijua kundi, unajua unaweza kutarajia nini kuhusu uthabiti wa kitu. Kampaundi haina toleo la mahali fulani na toleo la pengine. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia ya Songo Songo, ni robo tatu kaboni na robo haidrojeni kwa uzito, duniani kote. Gesi ya mtungi wa jikoni ni mchanganyiko wa propani na butani, kwa hiyo muundo wake hutofautiana, na hata ndani ya mtungi mmoja hubadilika unavyotumika, kwa sababu propani huchemka kwa nyuzi 42 chini ya sifuri na hutangulia kutoka kwa wingi, ikiiacha butani nyuma.

Mafuta ya magari ni mfano mkali zaidi. Petroli, mafuta ya taa na dizeli zote ni michanganyiko ya kampaundi nyingi za kaboni na haidrojeni, na viwango vyao vya kuchemka hupishana. Aliyetia mafuta ya taa ndani ya dizeli amechanganya mchanganyiko na mchanganyiko unaofanana nao, na hakuna uwiano maalumu aliouvunja ambao ungemfichua. Kwa sababu hiyo Tanzania, kupitia EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba (kemikali maalumu za utambulisho) katika mafuta yanayouzwa nchini: kwa vile mafuta yenyewe hayana alama ya asili ya kupimika kirahisi, inabidi yatiwe alama ya kubuni. Kama dizeli ingekuwa kampaundi moja, kipimajoto kingetosha.

Magadi yananigusa zaidi, kwa kuwa yanaingia matumboni mwetu. Madini makuu katika ziwa Magadi, nchini Kenya, ni trona, kampaundi inayobeba kabonati ya sodiamu, baikabonati na maji kwa uwiano usiobadilika, na ikipashwa moto hutoa mvuke na kabonidayoksaidi na kubaki kabonati tupu ya viwandani. Lakini bonge la magadi linalouzwa sokoni kwa kulainishia maharage si trona safi. Ni mchanganyiko wa trona, chumvi, udongo na dutu nyingine, ikiwemo floraidi, na kiasi cha floraidi hutofautiana sana kati ya magadi ya mahali na mahali. Floraidi ikizidi huharibu meno ya watoto na hata mifupa. Anayeyachukulia magadi kuwa dutu moja, kama chumvi iliyosafishwa, ataamini kwamba kijiko kimoja ni sawa na kijiko kingine, na hilo si kweli hata kidogo. Kwa familia zenye watoto wadogo ningechagua baikabonati ya dukani au kuloweka maharage usiku kucha, kwa sababu hiyo tu kwamba kilichomo kinajulikana.

Sampuli zinazokaa mpakani

Bado zipo dutu ambazo hazikai vizuri katika kundi lolote. Oksaidi ya chuma, ile ambayo kwa fomula ya vitabuni ina atomi moja ya chuma kwa moja ya oksijeni, ukiipima kwa usahihi utakuta ina takriban atomi 95 za chuma kwa kila 100 za oksijeni, na idadi hiyo hupanda na kushuka kidogo kulingana na joto ilimotengenezwa, kwa kuwa nafasi fulani ndani ya fuwele hubaki tupu. Berthollet angefurahi kuiona. Hata hivyo hakuna sumaku, chujio wala tanuri linaloweza kuitenganisha kimaumbile kuwa dutu mbili, sifa zake si za chuma wala za oksijeni, na fuwele yake ni moja. Kwa vigezo hivyo naiweka upande wa kampaundi, pamoja na kueleza kwamba uwiano wake una mwachano. Mwanafunzi wa sekondari aandike uwiano wa moja kwa moja na hatakuwa amekosea kwa kiwango chake. Fundi wa kuyeyusha chuma, ambaye tofauti ya sehemu tano kwa mia humbadilishia hesabu ya tanuri zima, atumie uwiano uliopimwa katika sampuli yake.